Pétronille na Tumbo la Muzee Gaspard

Mwaka 1978 Pétronille alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mbunya, na kukaa kitini kulimshinda. Kila mapumziko alikimbia nyumbani kumtazama baba yake, muzee Gaspard, aliyekuwa na vidonda vya utumbo mpana, vinavyomharisha damu, tangu miaka sita iliyopita. Daktari alikwishasema ugonjwa ule hauponi. Unatulia, kisha unarudi. Basi binti alihesabu safari za chooni na kuchunguza mashuka.

Siku moja alikuta kitambaa chenye damu chini ya godoro.

"Papa, ulinificha?"

"Nilificha sababu ya ile macho yako yenye kunichunga kila saa," alijibu muzee. "Tumbo ni yangu, lakini iko inakula weye. Kila jioni nitakuambia yote, hata mambo ya haya. Muchana, fundisha."

Pétronille akalia mbele yake kwa mara ya kwanza, naye muzee akamwacha alie.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alizunguka uwanja wa shule mara tisa mpaka kengele ikalia. Jioni baba alimwambia ukweli: chooni mara saba, damu kidogo. Wakaendelea hivyo miaka mingi. Pétronille hakuzoea kabisa, lakini hakukimbia tena.