Kibuyu Kilichoitwa Zawadi

Siku yangu ya kwanza kazini, katibu wa dayosisi alinionyesha chumba cha nyaraka mjini Meru akasema, "Hapa kazi ni kutunza, si kuuliza." Nikaishika amri hiyo mpaka nilipohamishiwa Embu. Ilikuwa miaka ya tisini, kompyuta zimeanza kutufikia.

Mbali na barua za wamisionari, Embu kulikuwa na rafu ya vibuyu vya waganga na mapambo ya akina mama. Tulitakiwa kuchagua programu ya kusajili mkusanyiko wote. Wauzaji wawili walituletea zao tuzijaribu. Katibu wa Embu aliipenda ya kwanza, maana ilikuwa maridadi. Ila kwenye asili, yaani jinsi kitu kilivyotufikia, ulichagua neno moja tu: zawadi, ununuzi au mkopo. Ukiacha wazi, mashine inagoma.

Siku ya majaribio tuliwaalika wazee wa kanisa. Kwenye programu ya kwanza nilifungua ukurasa wa kibuyu cha ramli, picha ikajaa kwenye skrini, nikasoma kwa sauti: "Zawadi."

Mzee Njeru, mfugaji kutoka Kiambere, akainuka.

"Hicho ni cha baba yangu. Hakukitoa. Walimu wa dini walikichukua, wakamwambia akitaka mtoto wake asome, asikiulizie tena. Mtoto mwenyewe ni mimi."

"Mzee, hiyo ni lugha ya kompyuta tu," katibu akasema.

"Na kompyuta imefundishwa uongo na nani?"

Nikaufunga ukurasa ule kwa aibu.

Tulichukua programu ya pili. Ilikuwa nzito na haikupendeza, lakini ilituruhusu kuandika maneno yetu. Mzee Njeru aliketi kando yangu, nikaandika: "Kilichukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe." Nikamsomea, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kwa upole, "Sasa naweza kwenda nacho?"

Nilimtazama katibu.

"Suala hilo tutalipeleka kwa kamati," akasema.

Mzee akavaa kofia yake, akatushukuru.

Sasa nimestaafu, nalima viazi Timau. Vijana wa kazi hii wakiniuliza programu ipi ni bora, huwaambia ni ile inayokubali ukweli. Wananisifu, nami nainamisha macho. Mzee Njeru alizikwa kabla kamati haijakaa. Siku niliyoaga kazi kibuyu kilikuwa bado rafuni, na maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa.