Mchicha Tuliouficha Uani

Wewe unayeishi kota za kampuni, usijifanye hunijui. Kila asubuhi unasikia jirani akimwaga maji uani. Maji ya nini? Hujawahi kuuliza. Unaongeza sauti ya redio.

Leo utanisikiliza.

Mwaka juzi, saa saba mchana, nilikuta bustani nzima ndani ya pipa la taka. Na haikuwa yangu.

Mimi na mke wangu tunafungasha maharage mabichi ya kwenda ng'ambo. Kutwa nzima tunashika mboga, tukirudi nyumbani tunafungua samaki wa kopo. Duka ni la kampuni, linauza makopo tu, geti moja, ukuta mpaka kwa Mungu.

Kuotesha chochote kota ni marufuku. Eti wadudu watahamia kwenye maharage ya wateja. Asubuhi tunanyoosha vidole mlangoni kazini, msimamizi anakagua kucha. Ukikutwa na udongo, kazi huna, nyumba huna.

Mama mkwe alipohamia kwetu alifungua kabati, akaguna.

"Mkwe wangu, hili ni jiko au stoo ya vyuma chakavu?"

Akapanda mchicha kwenye mabeseni mabovu, nyuma ya nguo zilizoanikwa. Mwezi haukuisha tukaanza kula. Aisee! Binti yetu vidonda vya mdomo vikakauka. Makopo tukayapa mgongo.

Ila tuliishi kama wezi. Mtu akibisha hodi, shuka juu ya mabeseni. Mke wangu alisugua kucha kwa limau mpaka vidole vikachubuka.

Siku hiyo msimamizi akatangaza: "Baada ya zamu, ukaguzi wa kota. Mlango kwa mlango."

Mapumziko ya mchana nikatoka mbio.

"Mama, tung'oe."

"Ng'oa wewe. Mimi mkono wangu umezoea kupanda."

Binti yangu alikumbatia beseni la mwisho. Nilimbandua kidole kimoja kimoja. Hilo sijalisahau.

Nikabeba gunia la mchicha hadi kwenye pipa la kota. Nikafunua.

Limejaa! Mchicha, bamia, nyanya mbichi, mizizi bado ina udongo wenye maji.

Nyuma yangu sauti ya viatu. Dada wa mizani, anayepima maharage kazini, wa mlango wa tatu, sisi wa nne, naye ana gunia begani.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mwaka wa tano huu, shemeji."

Miaka mitano! Ukuta mmoja kati yetu.

Jioni msimamizi alichungulia pipa, akacheka, akaenda zake. Hakufungua mlango hata mmoja. Kazi yake tulishamfanyia.

Tuko nyumba arobaini. Akitufukuza wote kwa siku moja, maharage atafungasha nani? Mkewe?

Mbegu za siku ile bado zipo. Mama mkwe alizifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nimeshaanza kugonga, kwanza mlango wa tatu.

Wewe weka simu chini. Gonga kwa jirani sasa hivi, muulize anapanda nini. Kesho, kabla ya kengele ya zamu, mabeseni yenu yawe mbele ya mlango, juani, kila mtu ayaone.