Simu Niliyoifuta Ikiwa Pweto

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti kwanza, maana kazi yangu haielezeki kwa haraka, na sehemu ninayotaka kukueleza ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi.

Ninasimamia simu za watu bila kuzishika. Wafanyabiashara wadogo wa Lubumbashi, wenye depo mbili tatu za kuuzia bidhaa na wauzaji wachache, wananikabidhi simu zao za kazi. Naweka ndani programu moja ndogo, na kutoka kwenye meza yangu mjini ninaziona zote kwenye skrini moja: ipi imebaki na chaji kidogo, ipi haijafunguliwa tangu jana, ipi iko wapi. Ikiibwa, ninaifunga. Ikibidi, ninaifuta yote, hata kama iko mbali, nayo inabaki tupu kama imetoka dukani sasa hivi. Daftari la bidhaa halipotei, kwa sababu liko kwenye wingu, yaani kwenye mashine za mbali ambamo tunakodi nafasi. Si uchawi. Ukinipa saa moja nitakufundisha.

Kufundisha ndiko ninakopenda. Siku nilipoweka simu mpya kwenye depo moja ya mchele na mafuta kwenye mtaa wa Ruashi, mali ya mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, niliwakalisha wauzaji wote wawili nikawaeleza polepole. Mmoja alikuwa mama aliyenipita umri, mwingine kijana wa kupakia mizigo aliyekuwa pia anauza.

“Papa,” mama akauliza, “na hii telefone ikianguka mu mayi?”

“Mama, hata ikianguka mu ziwa, bitu byenu byote biko kule yulu. Hakuna kitu kitapotea,” nikasema, nikionyesha juu kwa kidole.

“Byote byote?”

“Byote.”

“Basi yangu natupa leo!”

“Usitupe, mama,” mwenzake akasema, “unipatie mi.”

Tulicheka. Nilifurahi, kama mwalimu anavyofurahi darasa likimwelewa. Lakini kulikuwa na jambo moja sikulieleza. Daftari la bidhaa lilikuwa jepesi, likapanda kwenye wingu kwa mtandao wowote. Picha na sauti ni nzito, zinakula mega za intaneti, na patron, yaani mwenye depo, hakutaka mega zake ziishe hovyo. Kwa hiyo nilipanga, kwa vidole vyangu mwenyewe, kwamba picha na sauti zipande pale tu simu inapopata wifi ya depo. Sikusema. Niliona ni jambo dogo la fundi.

Miezi ikapita. Simu ya mama mwenyewe iliharibika, akaweka maisha yake yote kwenye simu ya kazi, kama wengi wanavyofanya. Hilo nalo nilijua.

Asubuhi moja skrini yangu ikawaka nyekundu. Simu ya depo ya Ruashi imetoka nje ya eneo lake. Imebadilishwa kadi ya laini. Namba ya siri imekosewa mara tano. Katika kitabu nilichosomea kazi hii, dalili hizo tatu zikija pamoja, jina lake ni mwizi. Lakini hapa kwetu kubadilisha kadi ni kama kubadilisha viatu kukiwa na matope. Mtandao unaoshika vizuri Ruashi unaweza kukuangusha kando ya ziwa, basi mtu akisafiri anatoa kadi hii anaweka ile. Mimi mwenyewe mfukoni nilikuwa nazo mbili.

Nikampigia patron.

“Telefone ya Ruashi iko Pweto, kule ku ziwa, patron.”

“Pweto? Inafanya nini kule? Mama iko mu congé, mu likizo, telefone inapashwa kubakia mu depo!”

“Na banabadilisha kadi.”

“Njo mwizi huyo! Bei zangu zote ziko mule, na client zangu zote. Futa!”

“Nifute kabisa?”

“Futa, papa, unangoya nini?”

Nilijaribu namba ya mama mara moja. Kadi ilikuwa imetolewa, sauti ikaniambia hapatikani. Sikumpigia kijana wa depo, ambaye angenijibu kwa sentensi moja kwamba mama ndiye aliyeibeba. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo.

Neno Pweto lilikuwa limeandikwa pale, mbele ya macho yangu. Kila mwezi nilinunua kwa mama huyo samaki wakavu waliotoka Pweto kwa mdogo wake. Nilikuwa namuuliza habari za baba yake, mzee aliyefanya kazi kwenye reli akarudi kuzeekea ziwani. Nilijua anaumwa. Sikuunganisha vitu hivyo viwili, kwa sababu skrini ilikuwa imeshasema.

Baada ya wiki mbili mama alikuja ofisini kwangu amevaa nguo nyeusi, ameifunga simu ndani ya kitambaa. Baba yake alikuwa amefariki.

“Papa, telefone ilijifuta yenyewe. Bantu ba kule banasema ni virus. Balikuwa banalia, mi nikabaambia hapana, papa wa telefone alisema byote biko kule yulu.”

Akakaa, akanieleza bila haraka. Mzee alizungumza siku mbili, na mama akamrekodi. Alitaja majina ya babu zake, alivyompata mke wake, na neno la kila mtoto, mmoja mmoja. Kisha akabariki. Mzee mwenyewe aliomba sauti hiyo ichezwe siku ya kumaliza kilio, watu wa Pweto na wa Lubumbashi wakiwa pamoja. Namba ya siri iliyokosewa mara tano ilikuwa mkono wa baba mdogo, aliyetaka kusikiliza wakati mama amekwenda kuchota maji.

Nilifungua ukurasa wa nakala zake. Nakala ya mwisho ilikuwa ya siku moja kabla hajasafiri.

“Mama,” nikasema, “réseau iko mubaya leo. Nipe siku mbili.”

Niliusema uongo huo wa mtandao kwa sauti ileile ya upole ninayofundishia.

Siku mbili zikawa tisa. Nilijaribu programu za kurudisha vilivyofutwa, ingawa tangu saa ya kwanza nilijua kwamba simu za sasa zikifutwa, ufunguo wa ndani unaharibiwa na hakuna anayeweza kusoma tena kilichokuwamo. Kutafuta kulinisaidia nisiseme. Na mama aliendelea kuniandikia kwa simu ya kuazima: “Papa, usichoke, Mungu akubariki.” Sikujibu baraka hata moja.

Siku ya tisa aliandika kwamba wageni wamefika, kilio kinamalizwa kesho, na baba mdogo anadai mama ndiye aliyeificha sauti kwa sababu haikumpendelea. Ndipo nilipokwenda Ruashi.

Uwanjani kwa mama viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa, wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimrudishia mama simu ile tupu, nikaomba kusema nikiwa nimesimama. Niliwaeleza yote: kadi, skrini, wifi, na kitufe nilichobonyeza. “Hakuna virus,” nikasema. “Mama hakuficha kitu. Ni mimi nilifuta.”

Baba mdogo alinitazama toka viatu mpaka kichwa. “Kaka yangu alikufa mara moja ku Pweto. Weye ukamuua tena, unakaa ku kiti yako mu biro.”

Mama hakuinua sauti. “Siku ile nilikuletea telefone, ulikuwa unajua?”

“Nilijua, mama.”

“Na ukaniacha nikuombee Mungu siku tisa.”



Mdogo wake wa Pweto akadakia. “Mi nilikuwa pale akisema. Alianza na nyanya yake wa Moba.”

“Hapana,” baba mdogo akasema, “alianza na reli.”

“Weye ulikuwa unalala!”

“Nani? Mi?”

Watu wakacheka kidogo, wakaendelea kubishana. Mama akanipa ile simu. “Shika. Rekodi.” Nikashika. Kila aliyekuwapo Pweto akasema alichokisikia, wengine wakimsahihisha, na baba mdogo akarudia baraka huku machozi yakimtoka. Mkono uliniuma, sikuushusha.

“Si sauti yake,” mama aliniambia walipomaliza.

“Si sauti yake, mama.”

“Najua. Tuma yulu, tuone.”

Siku hizi sifuti simu mpaka nimezungumza na aliyeishika, au na mtu anayefanya kazi kando yake. Patron alikubali. Mama bado ananisalimu, lakini hajaniuliza tena kitu chochote kuhusu simu, na ninapofundisha mahali pengine namwona kichwani mwangu akiuliza: byote byote?

Basi fanya hivi leo. Chukua simu yako, fungua sehemu ya nakala, tazama tarehe ya nakala ya mwisho. Kisha, kwa simu nyingine, fungua kutoka kwenye nakala hiyo sauti moja ya mtu unayempenda, uisikilize mpaka mwisho. Ikikataa, tafuta wifi, uitume sasa, halafu ujaribu tena.