Muoka Mikate na Wamisri wa Kale

Muoka mikate wetu hapa mtaa wa Muaither, Qatar, ni Mmisri, na Kiswahili chake amekiokota kwetu wateja. Huongea huku akipiga madonge ya unga, kofi moja kila neno. Leo asubuhi simu yake ilikaa karibu na tanuri, maana mkewe alikuwa akijifungua mtoto wa kwanza huko kwao Minya, Misri. Harun, mlinzi Mkenya, akamchokoza apoe moyo: “Mzee, Wamisri wa kale walikuwa wangapi?” “Hakuna ajuaye, ya akhi, ndugu yangu. Wataalamu hukisia kwa ukubwa wa mashamba yaliyonyweshwa na Mto Nile. Milioni mbili, labda tatu.” “Aai! Mnakosea milioni nzima?” “Wakulima wa kale, nani aliwahesabu?” muokaji akajibu.

Simu ikalia. Muokaji akaishika kwa mikono yenye unga, akasikiliza, unga ukamjaa sikioni. “Binti! Wote wazima.” Nyuma yake mikate ikaanza kuungua. “Wacha iungue,” Harun akasema. “Sasa tukuite Baba nani?”