Kundi la Wasiofundishwa

Katika daftari la watafiti mimi Rashidah, mshonaji wa Kawempe, nimeandikwa kwamba sikufundishwa kukata nguo. Nimeandikwa hivyo mara tatu ndani ya miaka miwili, na mara zote tatu nilikuwa nimekaa na mkasi mapajani. Asiyeamini na aje anione.

Lakini habari hizi si zangu. Ni za Nabintu, Mkongomani wa Bukavu, ambaye sisi tulioshona naye barazani tulimwita Mama Guerschom kwa jina la mwanawe. Alifika Kampala mwaka 2009 akiwa na mtoto mgongoni na bila karatasi hata moja, maana vyeti vyake vya shule viliungua pamoja na nyumba yao. Miaka mitano alichukua vitenge soko la Kikuubo na kuvitembeza mlango kwa mlango, akifukuzwa na mbwa na walinzi, mpaka akapata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza letu. Tulikuwa wanawake ishirini pale: Waganda, Waacholi, Wakongomani, na mimi Mnubi, goti kwa goti. Wiki ya kwanza nilimchukia kwa sababu alikalia kona yenye mwanga. Wiki ya pili alinigawia fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu cha kwao, nikaona hakuna haja ya kuendelea na chuki.

Kazi yetu ilikuwa viraka, zipu na kupunguza suruali za mitumba. Hakuna aliyejua kukata. Mtu akileta kitambaa kipya, tulikipeleka kwa mafundi wanaume wa mtaa wa pili, wao wakakata, sisi tukashona walichokata. Heshima ikabaki kwao, na sehemu kubwa ya ujira pia.

Mwaka 2016 ukaja mradi wa kufundisha wanawake kukata nguo. Mkuu wake alikuwa mwanamke, Daktari Akwero, Mwacholi aliyekulia kambi za jeshi alikofanya kazi baba yake, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ingawa kilikuwa kile cha kambini. Alitukusanya na kutueleza wazi. Mabaraza ni kumi na mawili, wanawake mia mbili na arobaini. Watafundishwa nusu, na nusu nyingine wataachwa. Baada ya miaka miwili watalinganisha makundi hayo mawili, wajue kama ni mafunzo yaliyowainua watu au ni bidii yao wenyewe. Wakiona faida, serikali itafundisha wanawake wa mji mzima.

"Nani atachagua?" aliuliza diwani mmoja aliyekuja na orodha yake ya majina mkononi.

"Karai hii ndiyo nachagua," alijibu Akwero, akitikisa majina yetu ndani yake. "Wewe, mzee, weka hiyo karatasi yako mfukoni."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Nasema kweli tupu: karai lile ndilo kitu pekee katika maisha yangu ya Kawempe ambacho hakikuuliza mimi ni mtoto wa nani. Kisha likanikataa. Barazani kwetu majina kumi yalitoka na kumi yakabaki. Nabintu alitoka, mimi nikabaki. Roho iliniuma, lakini sikuwa na wa kumlaumu, na hiyo nayo ni aina ya haki.

Waliochaguliwa walitia sahihi fomu. Ilisema hawataruhusiwa kuwafundisha wenzao wala kuwapa karatasi za vipimo mpaka utafiti uishe, na atakayevunja sharti hilo hatapewa cheti. Nabintu aliisoma fomu ile mara mbili. Cheti kile kilikuwa na jina la mtu, picha na muhuri, na yeye kwa miaka saba alikuwa hana cha kuonyesha isipokuwa kadi ya mkimbizi. Aliniambia atakitundika ukutani juu ya kitanda, Guerschom aone kwamba mama yake naye alisoma. Akatia sahihi, na wakati ule alikuwa na nia ya kuishika.

Sasa niambieni, nia hiyo ingedumu vipi? Aliporudi siku ya kwanza na karatasi zake za kaki, alizitandaza kwenye meza, na meza yake ndiyo hiyo hiyo ninayoegemeza kiwiko changu. Nikageuza uso kwa heshima. Nilikaa nimegeuka mpaka shingo ikauma.

"Mama Rashidah," aliniita, "uko naangalia nini kule? Ukuta?"

"Naangalia fomu yako," nikamwambia.

Alicheka, kisha akachukua chaki. "Miye nikikata, macho yako nitayifunga na nini? Kuja hapa. Shika chaki."

Macho hayana pazia, na baraza letu halikuwa na ukuta. Mwezi haukuisha kabla ya wote kumi tulioachwa kujua kwamba upana wa shingo ni kifua ukigawanya kwa kumi na mbili. Tulichora violezo juu ya mifuko ya saruji tuliyookota kwenye majengo. Nabintu alikuwa mkali. Ukikosea kwapa alikurudisha mwanzo, na ukilia alikungoja umalize, kisha akakurudisha mwanzo vilevile. Violezo vile vilianza kutembea. Mwenzetu alimpa dada yake wa baraza la tatu, wa baraza la tatu wakamkopesha shemeji wa baraza la nane, na hivyo hivyo baraza kwa baraza. Mwaka uliofuata wanaume wa mtaa wa pili walianza kutuuliza kwa nini hatuwaletei vitambaa.

Kila baada ya miezi minane alikuja Siraje, kijana wa Kinubi aliyekusanya majibu kwa niaba ya mradi.

"Shangazi, swali iko moja tu kabla ya zingine. Mradi nakufundisha kukata?"

"Haujanifundisha," nilijibu.

Sikusema uongo. Mradi haukunifundisha kitu. Aliyenifundisha ni Nabintu, na Siraje hakuniuliza habari za Nabintu. Kama angeuliza ningeweza kumdanganya, lakini hakuuliza, naye akabonyeza kidude chake na kuendelea na swali la idadi ya kuku wangu.

Mwisho wa mwaka 2018 tuliitwa Nakawa kusikia matokeo. Kila baraza lilipeleka wawili, mmoja aliyefundishwa na mmoja aliyeachwa. Kwetu tukaenda Nabintu na mimi. Meza kuu ilikuwa na Daktari Akwero na bwana mmoja wa serikali mwenye tai nyekundu, ambaye ofisi yake sitaitaja. Ukutani wakaonyesha picha ya mihimili miwili: kazi za waliofundishwa na kazi za walioachwa. Mihimili ililingana. Hata wembe usingepita kati yake.

Akwero alisoma kwa sauti ya chini, na nilimwona hana raha. Waliofundishwa wamepanda, alisema, lakini na wale walioachwa wamepanda vilevile, kwa hiyo hawezi kusema kwamba mafunzo yamesaidia. Labda ni biashara tu imekuwa nzuri mjini.

Bwana wa tai akasimama, akazungumza Kiingereza, Siraje akatafsiri. Alishukuru. Alisema sasa imejulikana kwamba wanawake wa namna hii hawanufaiki na mafunzo ya ufundi, na serikali itaufunga mpango huu, isipoteze nguvu kuupeleka sehemu nyingine za mji, Nakawa, Makindye na kwingineko. Vyeti vya waliomaliza vitatolewa leo leo, kwa heshima tu.

Wanawake wa namna hii! Nikamtazama Nabintu. Vyeti vilikuwa pale mezani, vimepangwa, na chake kilikuwa cha juu kabisa. Picha yake tuliiona tulipokaa. Angenyamaza nusu saa tu angekipata, na hakuna mtu duniani angejua.

Nabintu akasimama. Hakunyoosha mkono.

"Ile picha inasema bongo, ni uongo," alisema. "Miye minasema mbele ya batu bote. Bale bamama benye munaandika hawakufundishwa, bamefundishwa. Njo miye nilibafundisha. Karatasi ya sharti nilitia sahihi, na nilivunja. Kama ni kosa, ni yangu. Lakini musiseme masomo haina faida. Faida yake ilijaa mpaka ikamwagika kwa bengine!"

Wawakilishi waliofundishwa wa mabaraza mengine waliinamisha vichwa, kila mmoja akichungulia cheti chake pale mezani. Siwalaumu.

Siraje alipomtafsiria, bwana wa tai alitabasamu. Kwa kinywa cha Siraje alisema kwamba kila mtu anaweza kudai jambo lolote, na mkutano wa matokeo unahitaji ushahidi.

Ndipo Nabintu akafanya jambo ambalo nitalisimulia mpaka nizikwe. Wanawake wa Kongo hujifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine. Alikifungua cha juu, kitenge chake cha Jumapili chenye maua ya bluu, akasogeza vyeti pembeni na kukitandaza juu ya meza kuu.

"Mama Rashidah. Kata."

Mkasi wangu hautoki mkobani, wala utepe wangu wa kupimia, wala chaki. Nilifika pale mbele nikavitoa. Nikawaza: nikiharibu, nimemharibia kitenge na jina. Kisha nikaona lile tabasamu la bwana yule bado liko palepale, na hofu yote ikageuka hasira. Hasira inafaa sana kwa kazi ya mikono.

"Simama, mzee, nikupime," nikamwambia.

Siraje alisita kutafsiri. Nikamwambia tafsiri, mwanangu, au nitamsimamisha mwenyewe. Bwana akasimama. Nilimpima mabega, kifua, shingo na mkono, nikapiga hesabu kwa sauti ili wasikie wote, nikachora kwa chaki na kukata. Mbele, mgongo, mikono, kola. Sikurudia mstari hata mmoja. Nilipomaliza niliviweka vipande juu ya mabega yake, na maua ya bluu yakamkaa sawasawa juu ya tai nyekundu. Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha ukumbi mzima.

Akwero hakucheka. Alikuwa ameshika daftari la mafunzo, akilinganisha hesabu zangu na ukurasa.

"Hii shingo ni ya mwalimu yetu," alisema taratibu. "Mahali ingine hawakati hivi." Akageukia ukumbi. "Wale tuliacha, nani mwingine najua kukata? Tafadhali, mama zangu. Mimi nataka ukweli."

Mkono wa kwanza ulikuwa wa bibi Acayo wa baraza la nane. Kisha wa pili. Mwisho ikainuka mikono yote kumi na miwili, na wa kwangu mmojawapo. Akwero alikaa chini, akafunika uso kwa viganja, na alipovitoa nilimwona macho yanang'aa. Kosa lilikuwa lake pia, na alilisema hadharani: alikuwa ametugawa mtu kwa mtu, kana kwamba kila mmoja wetu anashona ndani ya boksi lake.

Mpango haukufungwa siku ile. Lakini sharti ni sharti. Vyeti vilitolewa kwa wote walionyamaza, na cha Nabintu kikarudishwa kwenye bahasha. Tulirudi nyumbani yeye akiwa na kitenge kimoja kiunoni na mikono mitupu. Alilia njia nzima mpaka Kawempe, tena bila kujificha, na aliponyamaza alisema angefanya tena.

Baada ya wiki tatu Daktari Akwero akaja barazani mwenyewe, akakaa kwenye kigoda kama mteja. Alisema serikali imekubali jaribio jipya. Safari hii karai litachagua baraza zima zima, ama mafundi wote wafundishwe ama wote wangoje, kuanzia Nakawa. Kisha akatoa bahasha ile.

"Mama Guerschom, mimi hapana kuja kugombana. Hii cheti ni yako. Lakini weka sahihi hapa, kwamba hawa watu tutaacha, wewe hapana enda fundisha wao. Ukienda, tutapata sifuri tena, mihimili sawa kama ile. Ile mzee wa tai anangoja hiyo sifuri afunge mpango."

Baraza zima liliacha kushona. Nabintu alifuta chaki mikononi, akachukua cheti na kukitazama sana, jina, picha na muhuri. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na nitaapa: alikitaka. Kisha akakirudisha ndani ya bahasha na kumpa.

"Daktari, miye ninakuheshimu. Jaribio yako ni ya kweli, ifanye. Lakini jana bamama ba Nakawa balinijia hapa, bananiuliza. Nibajibu nini? Ngojeni miaka mbili, karai haijawaona?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Hii cheti inasema miye ni fundi. Hawa bamama kumi banasema vilevile, na bao banajua kukata. Bale benye utaacha bila masomo, ubatafute mbali, pahali kwenye miguu yangu haifike."

Nilidhani Akwero atakasirika. Aliirudisha bahasha mkobani, kisha akatoa ramani ya mji na kalamu, akaikunjua juu ya meza ya kukatia.

"Haya," alisema. "Miguu yako nafika mpaka wapi? Nionyeshe, hiyo sehemu nitatoa kwa jaribio."

Nabintu hakuitazama hata ramani yenyewe.

"Kampala yote," alisema. "Andika."

Na Akwero akaandika.