Kofia za Mume Wangu Nilizoziuza

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama, na aliposema hivyo hakuwa akinisifu. Kwa bahati mbaya kazi niliyoirithi kwake ni ya kukaa. Kofia moja ya mkono, ukiishona kwa haki yake, inakula miezi miwili, na ikiwa na maua mengi inakula mitatu. Unachora kwa penseli juu ya bafta nyeupe, unatoboa kitundu kimoja kimoja kwa sindano nene, kisha kila kitundu unakizungushia uzi wa hariri mpaka kitulie. Mwanamke mwenye utulivu wake hukaa barazani na wenzake, akashona, akasengenya kidogo, na ikifika alasiri ua limekwisha. Mimi nashona nimesimama dirishani. Nashona nikipanda ngazi. Nimewahi kushona kwenye foleni ya benki mpaka mlinzi akaniuliza kama nimekuja kuweka pesa au kufungua kiwanda.

Tunakaa Mkunazini, ghorofa ya pili, na wateja hupanda wenyewe, wakihema, wakilaumu ngazi. Kofia zilizo tayari naziweka ndani ya tenga la ukindu karibu na mlango, zimepangwa moja juu ya moja. Mume wangu anatengeneza mafriji. Ana kiduka chake Mikunguni, anakaa chini siku nzima mbele ya friji lililofunguliwa mgongo na wala hachoki. Maneno yake machache, na mimi, nasema kweli, uchache huo umenikera tangu mwaka wa kwanza. Mtu ukimuuliza chakula kimekuwaje, anajibu "kizuri," na kikiungua pia ni kizuri.

Sasa, kwetu upande wa mama, mke humshonea mumewe kofia, na humshonea kwa siri. Kipimo cha kichwa unakichukua kwa uzi akiwa amelala, au unakiiba kwenye kofia yake ya zamani. Haulizwi anapenda ua gani. Haambiwi kitu. Anaiona siku anayovishwa, na anayemvisha ni mkewe kwa mikono yake. Mama alimshonea baba tatu, zote akazificha ndani ya pipa la mchele, na aliamini kwamba kofia ya mume ikitajwa kabla haijaisha, basi haitaisha.

Katika miaka minane ya ndoa nilimshonea mume wangu kofia nne, na zote nne niliziuza.

Ya kwanza ilichukuliwa na kijana mmoja anayetembeza wageni msitu wa Jozani. Alikuwa anaoa, alikuja kutafuta, akaiona mkononi mwangu ikiwa bado haijatiwa wanga, akasema hii hii. Nikaona haya kumkatalia bwana harusi. Ya pili niliiuza kwa mtu wa Makunduchi, na hapo nilikuwa nataka kwenda Pemba kwa khalati yangu, ndugu yake mama. Ningeweza kungoja mwezi mmoja nikaenda. Lakini nikishapata hamu ya kuondoka, nyumba nzima hunibana kifuani. Ya tatu ilikwenda mwisho wa Ramadhani, tenga likiwa tupu na watu wakigonga mlango. Ya nne sina hata sababu ya kuitolea. Mtu alisimama mlangoni, akauliza, mdomo wangu ukawa umeshasema karibu.

Kila mara nilijiambia kwamba nitamshonea nyingine iliyo bora zaidi. Na nilijiambia jambo jingine, ambalo ndilo lililonilaza usingizi: kwamba kofia asiyoijua mtu haiwezi kumuuma. Siri ya mama ikawa kichaka changu cha kujifichia.

Yeye akabaki na kofia ya mashine, zile zinazoletwa kwa makontena na kupangwa Darajani karibu na miavuli. Wenzake msikitini hawakumwacha. "Yakhe, mke fundi kofia, wewe unavaa ya kiwanda?" Naye akiwajibu, "Za nyumbani zina wateja wengi," wakacheka, akacheka nao. Haya nilisimuliwa na dada yake. Niliposikia nilipandisha hasira, kwanza kwa wale wanaume, kisha kwake yeye, kwa nini asirudi nyumbani tukagombana. Mtu akininunia najua la kumfanya. Mtu anayecheka simjui.

Kilichonishika hasa ni picha. Mpwa wake aliolewa, na picha ikarushwa kwenye simu za jamaa wote. Kaka zake watatu wamesimama mstari mmoja na yeye mwisho wa mstari. Kaka zake wote watatu wamevaa kofia zangu. Niliitanua picha kwa vidole nikayatambua maua yangu, moja moja. Kisha nikamtazama yeye, na ile ya mashine kichwani, imelegea upande mmoja, weupe wake umekuwa wa chai ya maziwa. Nilizima simu. Niliona aibu, si aibu ya watu, ile nyingine, ya kujua kwamba jambo hili umelifanya wewe na hakuna aliyekusukuma.

Wiki ile ile nikaanza ya tano, na safari hii nilikaa. Nilijifungia chumbani akishakwenda kazini, nikakunja miguu juu ya mkeka, na kila nilipotaka kuinuka nilijitobolea kitundu kimoja zaidi. Mgongo uliniuma, magoti yaliniuma, nilimtukana kimoyomoyo kila aliyewahi kubuni kofia duniani. Nilichora maua ya mkarafuu, madogo madogo, yasiyo na makelele, kwa sababu yeye mwenyewe hana makelele. Walipokuja watu kuuliza, niliwapa zilizomo tengani, na hii wala sikuitoa chumbani. Miezi mitatu. Sijawahi kushona kofia ya namna ile, na sijui kama nitaweza tena.

Ikaisha Jumatano. Nikaitia wanga, nikaivika sufuria iliyogeuzwa ikakauka imenyooka. Nikapanga kumvisha Ijumaa kabla hajakwenda msikitini. Zilibaki siku mbili na mahali pa kuificha. Pipa la mchele sina, mchele nanunua kilo kilo. Kabati ni letu sote, hufungua yeye asubuhi. Nikaona pahali pazuri kuliko pote ni lile tenga la mlangoni, katikati ya nyingine, ya tatu kutoka juu. Mume wangu hajawahi kuligusa tenga lile, ndivyo nilivyojua.

Alhamisi sikuweza kukaa nyumbani. Nilijijua. Ningekaa na kofia ile, ama ningeitoa siri kwa kiherehere, ama angekuja mtu mlangoni na mdomo wangu ungefanya kazi yake. Nikasema bora niondoke. Nikaenda Darajani kununua uzi ambao ninao. Nikazunguka kwenye samaki, nikatoka kwenye viungo, nikasimama kwenye misumari na makufuli nikiulizwa nataka nini, sitaki kitu. Nilinunua ndimu. Nikarudi baada ya adhuhuri, nikamkuta mume wangu nyumbani. Gesi ya friji la mtu ilikuwa haijafika, akaja kula mapema.

"Nimekuuzia kofia," akasema.

Aliisema kwa sauti ile ile anayosemea "kizuri." Nikauliza ipi. Akasema kaja mzee mmoja wa Malindi hapa mjini, mstaafu, Mwarabu wa zamani wa mjini, anakwenda Wete kumuozesha binti yake kesho. Kofia yake ya harusi kaitoa sandukuni kakuta mende washaila, wamefuata wanga. Kachagua ile ya tatu kutoka juu, ile ya karafuu. Hakubishana bei. Yumo njiani kwenda bandarini, boti yake ya saa tisa.

Niliziweka ndimu mezani. Nikageuka nikashuka ngazi zile zile nilizotoka kupanda, na nilisikia nyuma yangu akiniita mara moja, si zaidi.

Nilikwenda mbio, mwanamke mzima na buibui langu, kutoka Mkunazini mpaka Malindi bandarini, nikipishana na mikokoteni na wageni wanaopiga picha milango. Njiani nilikuwa nimeshatunga maneno yote. Nitamwambia kuna makosa, kofia ile si ya kuuzwa, ntampa nyingine mbili badala yake. Nilimkuta kivulini, kwenye foleni ya abiria, mzee mwembamba mwenye kanzu iliyopigwa pasi, na kofia yangu keshaivaa. Nikamjua kwa kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia mimi ndiye niliyeishona. Akafurahi mpaka akanitambulisha kwa mkewe na kwa mtu aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ambaye hata hamjui.

"Mumeo mtu mwema," akasema. "Kanivika mwenyewe kwa mikono yake, kaniweka sawa na kioo kanishikia. Nkamuuliza, hii haina mtu kaiagiza? Nzuri hivi? Kasema haina mwenyewe."

Maneno niliyoyatunga yalikuwa yote mdomoni. Ningeyasema angeivua pale pale, nilimwona ni mtu wa namna hiyo, na kesho angesimama mbele ya wakwe na kofia iliyoliwa na mende au kichwa wazi. Nikasema nimekuja tu kutazama imemkaaje. Akainamisha kichwa. Nikaivuta kidogo upande wa kulia, ambako haikuhitaji kuvutwa. Ilikuwa imembana kiasi, maana kichwa chake kikubwa kuliko cha mume wangu. Nikawatakia safari njema na harusi ya heri.

Nilirudi kwa miguu, polepole, kwa njia ndefu, na kila kitu kilinikasirisha: jua, mtu aliyenikanyaga, mume wangu kwa kuingia tenga lisilomhusu, mimi, mama yangu na siri zake. Nilikuwa naona nimeonewa. Miezi mitatu nimekaa chini kwa ajili ya mtu, naye kaitoa kwa dakika kumi bila ya kujua. Hilo la bila ya kujua ndilo nililokuwa nimeshikamana nalo nilipofungua mlango.

Alikuwa bado hajarudi kazini. Alikaa mezani na sahani yake mbele, kamaliza, ndimu zangu kazitia bakulini.

"Ulikwenda wapi?"

"Bandarini."

Akangoja.

"Kofia ile ilikuwa yako," nikamwambia. "Ningekuvisha kesho."

Nilitazamia ashtuke, ashike kichwa, aseme kwa nini hukunambia, nami nilikuwa na jibu la hilo. Yeye akaikunja leso aliyofutia mikono, akaikunja tena.

"Nlidhani hivyo," akasema.

"Ulidhani vipi?"

"Nliijaribu kabla sijampa mzee. Ikanikaa sawasawa."

"Ikakukaa, na bado ukaiuza?"

Hakukasirika. Ningependa kuandika kwamba alikasirika.

"Ile aliyochukua kijana wa Jozani ilinikaa," akasema. "Ya mtu wa Makunduchi ilinikaa. Zile mbili nyingine nazo. Ukitoka nyumbani nnazitazama unazozishona, nikiona kipimo changu nnajaribu, naregesha pahala pake, nangoja kila Ijumaa. Halafu siku moja narudi, haipo." Akainuka na sahani yake. "Safari hii nkasema, bora niiuze mimi."