Mteja Ambaye Hajala

Rolande aliiogopa serikali tangu utoto wake Bukavu, na uoga huo ndio uliomfanya awe mlipa kodi mzuri kuliko wengi waliozaliwa Brussels. Siku za kazi aliwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba yao ya matunzo, mtaa wa Saint-Gilles, kwa mshahara uliomfikia ukiwa umeshakatwa kodi. Jumamosi na Jumapili alipika kwa malipo: harusi, ubatizo, matanga. Wapishi wengi wa Matonge, mtaa wa Wakongo, wangekucheka ukiwadai risiti. Yeye alijiandikisha, akapewa namba, akatoa bili hata kwa wafiwa, na watu walimsema sana kwa hilo. Alijua pesa ya sufuria hujumlishwa juu ya mshahara na kukatwa karibu nusu, kwa hiyo kila akilipwa aliitenga nusu hiyo papo hapo. Hakuigusa hata viatu vilipomtoboka.

Aliifungulia kazi ya upishi akaunti yake, na hapo ndipo alipojichimbia shimo. Rolande alikuwa pia mtunzaji wa likirimba, ule mchango wa wanawake wa kila mwezi ambao fungu zima hupewa mmoja wao kwa zamu. Hakutaka kuichanganya na pesa ya nyumbani, asije akaila. Akawaambia wenzake waitume kwenye akaunti ya upishi, mahali safi. Kisha kila mwezi aliitoa benki taslimu, maana fungu la likirimba hupokewa mkononi, mbele ya wenzako, kwa vigelegele. Nani amewahi kupiga vigelegele mbele ya simu?

Mkaguzi wa kodi hakuviona vigelegele. Aliona pesa zinaingia kwa majina yale yale, kisha zinatoweka.

“Madame, hawa ni wateja wako wa chakula. Bili ziko wapi?”

Rolande alieleza mpaka koo likamkauka. Mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimsikiliza hadi mwisho. Kama ni akiba ya pamoja, alisema, basi kila mwanamke aandike hivyo na kutia sahihi, naye atawaandikia majumbani kwao kuhakikisha. Wasipothibitisha, zote zitahesabiwa kuwa pato alilolificha, miaka yote, na faini juu yake. Rolande alijua maana yake. Masufuria yangeuzwa, na jina lake la uaminifu lingekwenda pamoja nayo.

Wenzake walisaini, wengine kwa kunung'unika. Marie-Claire peke yake hakushika simu. Jumapili Rolande akamvizia sokoni Gare du Midi, kwenye meza za mboga, akamshika mkono kabla hajapotea kwenye umati.

“Unanikimbia mie? Unataka baniue?”

“Maman Rolande, unisamehe.” Marie-Claire alitazama nyuma yake. “Ile barua ikifika kwetu, Jean-Pierre ndiye atafungua. Barua yote anafunguaka yeye.”

“Bon, umwambie ni likirimba. Iko mbaya gani?”

“Anajua ile pesa ya kila mwezi ni ya kanisa. Maman, zamu yangu ni mwezi unaokuya. Ni ya garantie. Nimepata ka-studio Anderlecht, miye na batoto.”

Garantie ni ile pesa anayoidai mwenye nyumba kabla hajakupa ufunguo. Rolande alielewa. Sauti ya mume yule akifoka alishawahi kuisikia, yeye akiwa chini barabarani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Alirudi nyumbani amekasirika kweli kweli. Alimkasirikia Jean-Pierre, akamkasirikia Marie-Claire, akajikasirikia mwenyewe kwa ujinga wa akaunti. Usingizi haukuja. Akisema mwenzao mmoja amekataa kusaini, mkaguzi atamwandikia tu. Akisema huyo ni mteja, atakuwa amekiri kosa ambalo hajawahi kulitenda maishani, na mkaguzi anaweza kukataa sahihi zote nyingine kwa ajili ya hilo moja.

Siku ya miadi Rolande alizipeleka karatasi zenye sahihi. Mkaguzi alizipitia sahihi taratibu, akasimamisha kalamu.

“Na huyu?”

“Huyu ni mteja. Ananunua chakula.”

“Bila bili?”

“Nilikosea.”

Kusema neno lile kulimuuma kuliko faini yenyewe, mwanamke aliyewapa bili hata wafiwa.

“Kila mwezi,” mkaguzi alisema, “kiasi kile kile wanachotoa wenzako wa akiba?”

“Anapenda chakula changu.”

“Nikimwandikia, ataniambia hivyo hivyo?”

“Usimwandikie, madame. Nakuomba. Weka ni pato langu. Nitalipa kodi, nitalipa michango ya hifadhi ya jamii, nitalipa na faini.”

Mkaguzi alivua miwani, akamtazama muda mrefu. Rolande hakupepesa macho. Hatimaye yule mama akavaa miwani yake, akaandika mstari mmoja, akazigonga muhuri sahihi za wengine moja baada ya nyingine.

Fungu la Marie-Claire lilitolewa mwezi uliofuata, safari hii bila vigelegele, na wiki hiyo hiyo akahama na watoto, Jean-Pierre akiwa kazini. Jumamosi Rolande alipanda tramu hadi Anderlecht na masufuria mawili yaliyofungwa kwa kitenge, sombe ya majani ya muhogo na samaki, na bugali wa moto. Chumba kilikuwa kitupu, godoro tu na mabegi. Marie-Claire alipoona masufuria alianza kulia.

“Maman, ile faini nitakulipa. Nilishakula deni yako, miye...”

“Deni gani? Kule kwa serikali wewe ni cliente yangu. Umelipa mwaka muzima, hauyakula ata siku moja.” Rolande alipiga magoti sakafuni, akafungua kitenge. “Leta sahani.”

Sahani hazikuwepo bado. Wakala kwenye vifuniko vya sufuria, wao na watoto.